Mnyoo wa Moto Ndani ya Tangi: Kwa Nini Wangu Wanabaki

Sisi tunaofuga samaki wa maji ya chumvi hapa Mwanza tunahesabika, na karibu kila mmoja wetu, usiku mmoja, hulimulika tangi lake kwa tochi na kumkuta mnyoo mwenye manyoya meupe ubavuni akitambaa juu ya jiwe bila wasiwasi wowote. Swali linalofuata huwa ni lilelile: atolewe au aachwe? Msimamo wangu ni kwamba aachwe, isipokuwa katika hali chache nitakazozieleza, na kwamba anayeona minyoo wamezidi kwenye tangi lake achunguze kwanza kiasi cha chakula anachomwaga humo kila siku.

Hofu juu ya mnyoo huyu ina msingi, kwa hiyo nianzie hapo. Minyoo wa moto ni wa familia ya Amphinomidae, sehemu ya jamii kubwa ya minyoo wa baharini ambao mwili wao umegawanyika katika pingili nyingi, na kila pingili hubeba vishungi vya manyoya kushoto na kulia. Manyoya hayo yameundwa kwa kalisi kaboneti, madini yaleyale yanayojenga matumbawe na makombe ya konokono, na kwa sababu hiyo huvunjika upesi: yakishaingia kwenye ngozi hubaki humo, na anayejaribu kuyang'oa kwa kucha huyakata zaidi. Mnyoo aliyetulia hayaonyeshi sana. Mguse kwa ncha ya kijiti, naye huyachanua papo hapo, ubavu mzima ukageuka mweupe kutoka kichwani hadi mkiani, na katikati ya weupe huo, ukitazama kwa lenzi, unaona vijitawi vyekundu vinavyopepea. Hayo ni matamvua yake ya kupumulia. Aliyewahi kupita penye upupu shambani hahitaji maelezo marefu kuhusu kinachompata anayemshika kwa mkono mtupu, isipokuwa kwamba muwasho wa mnyoo huyu huambatana na maumivu ya kuungua, uvimbe na wakati mwingine ganzi, na unaweza kuendelea kwa saa nyingi au hata siku kadhaa. Wanakemia wa Japani walitenga kutoka katika mmoja wa minyoo hawa kemikali iliyopewa jina la komplanini, ambayo huamsha uvimbe mwilini, kwa hiyo madhara yake hayatokani na kuchomwa na vijimiba peke yake.

Mnyoo aliyetoa kemikali hiyo ni Eurythoe complanata, na huyu ndiye ambaye mfugaji wa hapa anapaswa kumfahamu vizuri, kwa kuwa yeye na ndugu zake wa karibu wanapatikana katika bahari za ukanda wa joto, Bahari ya Hindi ikiwemo. Mwanasayansi Peter Simon Pallas alimwandika kwa mara ya kwanza mwaka 1766, na mwaka huohuo aliandika pia habari za mnyoo mwingine wa moto, Hermodice carunculata. Kutoka kwa hawa wawili ndipo mkanganyiko wote unapoanzia. Hermodice ni mkubwa, anaweza kufikia sentimita 30, na ni mla matumbawe kwelikweli: huifunika ncha ya tawi la tumbawe kwa kinywa chake, huinyonya nyama yote laini, kisha huondoka akiacha ncha nyeupe tupu. Makazi yake yanayojulikana zaidi ni Bahari ya Atlantiki, pamoja na Karibi, na Mediterania. Maonyo mengi tunayoyasoma kwenye simu zetu yameandikwa na watu wa pwani hizo wakimzungumzia huyo, halafu msomaji wa Nyegezi anayahamishia kwa mnyoo wa rangi ya waridi, mwenye urefu wa kidole, aliyetoka kwenye jiwe la Bahari ya Hindi, ambaye chakula chake kikubwa ni mabaki na mizoga.

Kuwatofautisha kunawezekana endapo mnyoo ataonekana vizuri. Juu ya kichwa cha Hermodice kuna kiungo kikubwa chenye mikunjo mingi iliyopangana, na matamvua yake ni mazito na mekundu. Kwa Eurythoe kiungo hicho ni kidogo na chembamba, na mwili huwa wa waridi au wa kijivu kinachoelekea waridi. Hata ndani ya familia hii tabia hazifanani. Yupo Pherecardia striata, ambaye huko Panama ameonekana akiingia ndani ya kiti cha pweza mwenye miiba, yaani nyota wa bahari, yule mharibifu mkubwa wa matumbawe, kupitia jeraha lililoachwa na kamba wa baharini, na kumla kuanzia ndani. Ukimwita huyo adui wa matumbawe utakuwa umemwonea.

Sasa nieleze kwa nini naamini Eurythoe, mla mabaki wetu, ana thamani kubwa zaidi Mwanza kuliko Tanga au Dar es Salaam. Sababu ni oksijeni. Maji ya chumvi hubeba oksijeni kidogo kuliko maji ya ziwa, na kadiri yanavyopata joto ndivyo inavyopungua zaidi. Katika usawa wa bahari, lita moja ya maji ya bahari yenye nyuzi joto 25 inaposhiba hewa hubeba takriban miligramu 6.7 za oksijeni. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa huo, kanieneo ya hewa hapa ni pungufu kwa zaidi ya asilimia 10, na lita ileile inabaki na chini ya miligramu 6. Upungufu huo hausumbui umeme ukiwapo na pampu ikivuruga uso wa maji. Umeme ukikatika usiku, hesabu hubadilika, na samaki aliyefia nyuma ya mawe anakuwa mzigo kwa walio hai, kwa kuwa bakteria wanaomwozesha wanaitumia oksijeni hiyohiyo. Juu ya hilo kuna amonia, kemikali inayotoka kwenye mzoga unaooza. Maji ya bahari yana pH (kipimo cha asidi na alkali) ya juu, kati ya 8.1 na 8.4, na katika pH hiyo sehemu kubwa zaidi ya amonia huwa katika umbo lenye sumu kuliko ambavyo ingekuwa katika maji yenye pH ya chini, kwa hiyo mzoga mmoja mdogo unaweza kulidhuru tangi la lita 200 ndani ya usiku mmoja.

Tatizo ni kwamba mzoga huo hauonekani. Mtu anahesabu samaki asubuhi, anakosa mmoja, anajiambia kwamba amejificha, na kumtafuta kwa kweli kunahitaji kufumua mawe yote aliyoyapanga kwa saa nzima. Mnyoo hufika bila kufumua chochote. Nimewahi kuitazama kazi hiyo kwa mwanga mwekundu, ambao minyoo hawaujali sana. Kichwa kilijitokeza kwenye tundu ambalo hata penseli isingepita, kikapapasa maji kwa vipapasio vyake, kikarudi ndani. Kisha wakatoka wengine kutoka mawe ya jirani, kila mmoja akiwa ameacha sehemu ya nyuma ya mwili ndani ya tundu lake ili aweze kurudi haraka akisikia mtikisiko. Hawa hawana taya. Hulitoa koo lao nje ya kinywa, hulibandika kwenye nyama na kuikwangua kidogo kidogo, na nilivyoona walianzia tumboni, penye ulaini. Kulipopambazuka palibaki uti wa mgongo na mapezi, na maji hayakuwa na harufu yoyote. Kaa wadogo na konokono nao hula mizoga, sikatai, lakini wao huishia pale mlango wa tundu unapokuwa mwembamba kuliko gamba lao.

Wana faida nyingine ambayo wafugaji wengi huigundua bila kuitafuta. Oksijeni inapopungua sana, minyoo hutoka mafichoni na kupanda kwenye kioo kuelekea juu, hata mchana, jambo ambalo kwa kawaida hawalifanyi. Ukiona hivyo, usianze kuwalaumu wala kuwakamata. Chota maji kwa jagi na uyamimine tena kutoka juu, urudie na urudie, au washa pampu ya hewa inayotumia betri kama unayo.

Nije kwenye idadi, ambayo ndiyo malalamiko ya kweli. Minyoo hawa huongezeka kwa kadiri ya chakula kinachowafikia, basi. Hapa kwetu samaki wa kulishia ni rahisi kupatikana kuliko chakula cha pakiti. Mtu anakwenda mwaloni Kirumba, ananunua dagaa waliokaushwa, anawasaga, na kumwaga kijiko kizima ndani ya tangi lenye samaki watano. Samaki hao hula robo yake. Kinachobaki huzama kati ya mawe na kuwalisha minyoo, na Eurythoe aliyeshiba ana njia ya kuzaliana isiyohitaji mwenzi: mwili hukatika vipande, na kila kipande huota kichwa au mkia uliopungua. Ndiyo maana anayemkata mnyoo kwa mkasi kwa hasira anaweza kuishia na wawili. Ndiyo maana pia kuwatoa bila kupunguza chakula hakubadilishi kitu, kwani nafasi iliyoachwa hujazwa upya baada ya muda. Punguza chakula hadi kile kinachomalizika ndani ya dakika mbili au tatu, suuza dagaa kwanza ili kuondoa unga na mafuta, na utaona idadi ikishuka yenyewe, ingawa itachukua miezi.

Kwa asiyetaka kusubiri, mtego ni rahisi. Chukua kichupa cha plastiki kilichosafishwa vizuri, kitoboe matundu machache yenye upana wa mnyoo unayemlenga, weka ndani dagaa mmoja mzima aliyefungwa kwenye kipande cha soksi nyembamba pamoja na jiwe dogo la kukizamisha, ukilaze kando ya mawe taa zinapozimwa na ukitoe kabla hakujapambazuka. Dagaa wa ziwa letu hajawahi kukutana na mnyoo wa baharini tangu kuumbwa kwake, lakini harufu yake inamtoa kwenye jiwe bila kusita. Wapo wanaopendekeza kununua mlaji badala yake, kwa mfano kamba Stenopus hispidus mwenye mistari myekundu na myeupe, au samaki Pseudocheilinus hexataenia mwenye mistari sita. Wote wawili hula minyoo wadogo. Hata hivyo kamba huyo hukamata pia samaki wadogo waliolala, na samaki huyo huwa mkorofi kwa wageni wote wanaoingizwa baada yake, kwa hiyo sioni sababu ya kuleta ugomvi wa kudumu kwa ajili ya tatizo linalotatuliwa na kijiko kidogo zaidi.

Zipo hali ambazo mnyoo anapaswa kutoka. Ya kwanza ni pale unapomwona kwa macho yako, zaidi ya mara moja, juu ya tumbawe zima lenye afya, na kesho yake ncha aliyokuwa ameikalia ikawa nyeupe. Nasema tumbawe zima kwa makusudi, kwa sababu mnyoo anayekutwa juu ya tumbawe linalokufa au samaki aliyelala ubavu mara nyingi amefuata harufu ya kifo kilichokwisha kuanza, na hukumu ya mauaji hutolewa dhidi yake kwa kuwa tu ndiye aliyekutwa mahali pa tukio. Ya pili ni pale mnyoo anapokuwa si wa moto hata kidogo. Jamii ya Eunice ina taya kali, vipapasio vitano kichwani na mng'ao wa rangi nyingi mwilini, na baadhi yao hukua kupita kiasi. Mwaka 2009, katika akwaria ya umma ya Newquay huko Uingereza, wafanyakazi walichoka kuona matumbawe yakikatwakatwa na samaki wakijeruhiwa, wakafumua mawe na kumkuta Eunice mwenye urefu wa zaidi ya mita 1. Huyo hana mjadala.

Ya tatu inahusu nyumba yenyewe. Dada mmoja wa Ilemela, ambaye watoto wake wanapenda kuingiza mikono ndani ya tangi kushika konokono, aliniuliza, "Kaka, kweli niishi na kitu kinachochoma ndani ya nyumba yenye watoto?" Nikamjibu, "Hapana, dada yangu. Kwako watoke, au tangi lipate mfuniko wa kufunga kwa kufuli." Alicheka, lakini sikuwa natania. Mtu mzima anaweza kujizoeza kuvaa glavu ndefu na kutumia koleo kila anaposogeza jiwe; mtoto wa miaka mitano hawezi, na manyoya yakiingia machoni baada ya kujifikicha kwa mkono uliochomwa, habari inakuwa nyingine kabisa.

Glavu nilizozitaja ziwe nene za mpira, kwa sababu zile nyembamba za hospitali hupenywa. Aliyechomwa asisugue wala kukuna. Abandike selotepu juu ya sehemu iliyochomwa na kuibandua taratibu, arudie kwa kipande kipya mpaka manyoya yapungue, kisha apake siki, ambayo ni asidi na huyayusha kalisi kaboneti. Kuloweka mkono katika maji ya moto yanayovumilika husaidia kutuliza maumivu. Uvimbe ukipanda mkono mzima, pumzi ikibana, au jeraha likianza kutoa usaha, ni hospitali, tena upesi.

Kuhusu asili ya mawe, nitasema kwa ufupi. Mawe yaliyojaa viumbe yanayosafirishwa kutoka pwani kwa basi, yamefungwa kwenye magazeti yaliyolowekwa, huleta minyoo wa kila aina, na nusu ya viumbe hufia njiani. Zaidi ya hapo, hakuna anayepaswa kuyang'oa kwenye miamba. Visiwa vya Bongoyo na Mbudya ni hifadhi tangu mwaka 1975, na matumbawe magumu yamo kwenye orodha ya viumbe ambao biashara yao ya kimataifa inadhibitiwa. Mimi nawashauri wanaoanza wanunue mawe makavu, wayapange, waache bakteria wazoee, kisha waombe kipande kimoja kidogo chenye uhai kutoka tangi la mwenzao wanayemwamini. Kipande hicho kichunguzwe kwanza. Kikizamishwa kwa dakika chache kwenye ndoo ya maji yenye chumvi nyingi kuliko kawaida, minyoo wengi hutoka na kuanguka chini, na hapo mtu anaweza kuchagua kwa utulivu nani aingie na nani abaki nje.

Waliobaki nje, au waliokamatwa kwenye mtego, wasimwagwe ziwani wala kwenye Mto Mirongo. Mnyoo wa baharini hataishi humo, kwani maji yasiyo na chumvi huingia mwilini mwake kwa kasi asiyoweza kuihimili, lakini ndoo hiyo ina mengi zaidi ya mnyoo, na ziwa hili linaendelea kulipa gharama ya sangara aliyeingizwa katika miaka ya 1950 na gugu maji lililofuata. Njia rahisi ni kuwagandisha kwenye friza kisha kuwafukia. Wangu waliozidi huwa siwagandishi kama kuna mtu anayeanzisha tangi jipya. Anayewataka aje jioni, kabla sijaweka mtego, na ndoo yenye mfuniko, lita mbili za maji ya chumvi yaliyochanganywa siku moja kabla, na glavu zake mwenyewe, kwa sababu zangu siazimishi.